Bwana Mipaka

Shemeji yangu ni daktari wa meno, na ukutani mwa chumba chake cha kusubiria palikuwa na bango la jino bovu lililokaribia dari. Wagonjwa walilitazama kwa muda, halafu mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wameacha chungu jikoni. Wateja walipozidi kupungua aliniita, akaniambia anataka mchoro mahali pa lile jino. Mandhari ya maji, alisema, kwa sababu maji humtuliza mtu. Isiwe bahari, maana wateja wake wengi wanakaa Kigamboni na bahari wanaivuka kila asubuhi wakiwa wamechelewa kazini. Lisiwe ziwa, maana wa Mwanza na wa Kigoma wangeanza kubishana ni ziwa la nani huku midomo imekufa ganzi.

"Chora kinamasi," alisema. "Kinamasi hakina mwenyewe."

Sikubisha. Ni daktari huyu huyu aliyewahi kuniambia kwamba sindano ya ganzi haiumi, na siku ile pia sikubisha.

Akaongeza masharti. Rangi hataki, kwa sababu nyekundu anayoiona kazini inamtosha. Iwe penseli tupu. Na iwe halisi kabisa: mtu akikaa pale aone kila jani, asikie vyura, adhani akinyoosha mguu utalowa. Nilipouliza habari ya malipo ya awali alinikalisha kwenye kiti chake, akaniziba gego lililokuwa likinisumbua tangu Pasaka, akaandika daftarini: "Mchoraji, nusu."

Kuchora kwa penseli ukiwa Dar es Salaam ni kujitafutia maswali. Huu ndio mji ambako Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, alichukua rangi za kupakia baiskeli na vipande vya hadibodi akachora chui na ndege mpaka dunia ikamjua. Alifariki mwaka 1972, lakini kwa watu wa hapa kipimo cha picha kimebaki pale alipokiacha: picha ni tembo wa bluu chini ya anga la njano. Mimi nikitoa kazi yangu, kijivu juu ya nyeupe, mteja huitazama kwa upole na kuuliza nitaipaka rangi lini. Mama yangu mzazi, kwa kunisitiri, huwaambia wageni kwamba mwanawe anachora ramani. Nilikuwa sijui kwamba uongo huo mdogo ungenitangulia hadi Ulanga.

Niliamua kwenda Kilombero, na sababu ilikuwa penseli zenyewe. Kile cheusi kilichomo ndani ya penseli ni kinywe kilichochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu na kijivu, ndizo zile za H. Kinywe kikizidi inakuwa laini na nyeusi, ndizo za B. Mchanganyiko huo aliusajili Mfaransa Nicolas-Jacques Conté mwaka 1795, vita vilipowakatia Wafaransa kinywe safi kutoka Uingereza. Sasa, kinywe kimejaa katika milima ya Mahenge, kiasi kwamba kampuni za kutoka nje zinakitolea macho kwa ajili ya betri za magari ya umeme. Na milima ya Mahenge inatazama chini moja kwa moja kwenye bonde la Kilombero. Nikawaza: kinamasi kichorwe kwa madini ya mlima unaokiangalia! Kwamba penseli zangu zilitengenezwa Ujerumani halikunisumbua hata kidogo. Mawazo ya namna hii humjia mtu akiwa amekaa sebuleni, feni inazunguka, mbu hakuna.

Kwa kitu kisicho na mwenyewe, bonde la Kilombero lina wenyewe wa kutosha. Mwaka 2002 karibu kilomita za mraba 8,000 za ardhi yake oevu ziliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, ule uliotiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, mwaka 1971, kwa hiyo dunia nzima ina neno hapo. Yupo mnana wa Kilombero, ndege ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1990 na ambaye haonekani popote pengine, kwa hiyo naye ana haki zake. Wapo sheshe, wale swala wa majimaji ambao zamani walikuwa wengi hapa kuliko mahali pengine popote duniani. Wapo Wandamba na mitumbwi yao, wapo wakulima wa mpunga ambao mchele wao mnaulizia sokoni kwa jina, wapo wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka mbali wakifuata nyasi, lipo pori la akiba lenye vigingi vyake. Na chini kabisa, maji yakishaingia Rufiji, lipo Bwawa la Nyerere linayasubiri yageuke umeme. Shemeji alikuwa amenituma mahali ambapo hata tone la maji lina foleni ya wadai.

Safari siisimulii sana. Karatasi nilizikunja ndani ya bomba la plastiki la inchi nne, kwa sababu ile mirija ya wachoraji dukani inauzwa bei ya kumkata mtu hamu ya sanaa. Konda akaniuliza kama mimi ni fundi bomba. Nilipokana, abiria wa kiti cha nyuma akauliza basi hilo bomba nalipeleka wapi, na kuanzia Mikumi hadi Mang'ula nilikuwa natoa ushauri kuhusu tanki la mama mmoja ambalo halipandishi maji. Alishuka ameridhika. Natumaini hakunisikiliza.

Pale Kivukoni, ambako zamani watu walisubiri pantoni, siku hizi unavuka kwa daraja na unaingia Ulanga bila hata kulowa soli. Kijiji nilichofikia sitakitaja. Kwa habari nilizo nazo, suala lenyewe bado halijaisha.

Ilikuwa Juni. Masika yamekwisha, mafuriko yanarudi mtoni polepole, mpunga unavunwa. Huo ndio wakati kinamasi kina sura nzuri ya kuchora: mbele matete na mafunjo yaliyolazwa na maji, katikati mikono ya maji iliyotapakaa na yungiyungi juu yake, mbele zaidi majaruba yaliyobaki na mabua, na mwisho kabisa ukuta wa milima ya Udzungwa umesimama upande wa pili. Mahenge ilikuwa mgongoni kwangu. Na katikati ya yote hayo, peke yake, mti mmoja wa mvumo, mrefu, ulionyooka.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee wa Kindamba, mvuvi, aliyenikodisha mtumbwi wake pamoja na maoni yake. Aliusukuma kwa upondo mpaka kwenye kichuguu kikubwa kilichobaki kikavu, akanishusha na ubao wangu na kiti cha kukunja, kisha badala ya kwenda zake kuangalia nyavu akakaa nyuma yangu. Nadhani alikuwa hajawahi kumwona mtu mzima akikodi mtumbwi ili akae.

Siri ya kuchora maji kwa penseli ni kuyaacha. Unatia giza kwenye matete, unatia giza zaidi kwenye kivuli cha matete kilichoangukia majini, na pale penye mwanga hugusi kitu, unabakiza karatasi. Mzee alivumilia kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "maji yako wapi?"

"Haya hapa, mzee. Haya meupe."

"Haya meupe ni karatasi."

"Ndiyo maji yenyewe."

Akanyamaza, akatema mate pembeni. "Kwa hiyo wamekulipa kwa mahali ambapo hujachora."

Nilimwambia kwamba nimelipwa jino. Hakuniuliza tena habari za malipo.

Kilichofuata kilikuwa unyevu. Karatasi ikishavuta unyevu wa kinamasi huwa haitaki tena penseli laini: ile 6B inateleza juu bila kushika, ukikandamiza inachuna. Kufikia saa nne asubuhi karatasi yangu ilikuwa imejikunja kuliko maji niliyokuwa nachora. Mzee akanionea huruma, akaipeleka nyumbani kwake na kuilaza kwenye uchaga juu ya moshi, alipokuwa anakausha kambale. Ilirudi imenyooka vizuri sana. Ilirudi pia na harufu ambayo haijaiacha mpaka leo, na rangi ya chai iliyonipunguzia kazi angani.

Mbu ni sura nyingine. Ifakara, ng'ambo ya mto, ndiko iliko taasisi ya utafiti ambayo kwa miongo mingi imekuwa ikichunguza malaria na mbu wanaoieneza. Mojawapo ya njia za zamani za kuwakamata mbu wa utafiti ilikuwa mtu wa kujitolea kukaa usiku akiwa amekunja suruali hadi magotini, akiwanyonya kwa kimrija kabla hawajamnyonya yeye. Mimi jioni nilikuwa nafanya kazi hiyo hiyo bila kimrija. Ukiutazama mchoro kwa karibu upande wa kulia, utaona ndege wadogo wengi wanaruka juu ya mafunjo. Wengine ni minana. Wengine ni mbu niliowapiga kwa kiganja chenye kinywe, na baada ya kufikiri nikawaongezea mabawa.

Jambo moja ambalo mzee alilisimamia kwa ukali ni mawe. Kwa mbali, kwenye mkono wa maji wa kushoto, kulikuwa na mawe matatu ya mviringo, ya kijivu, yamelowa, na mawe yaliyolowa ni chakula kitamu kwa penseli. Niliyatia kivuli kwa upendo.

"Hayo mawe umeyatoa wapi?" akauliza.

"Si yale pale?"

"Mimi nimezaliwa hapa. Bonde hili ni tope lililoletwa na mto, jiwe hata la kuinjikia sufuria tunalifuata mlimani." Akauchukua upondo wake taratibu. "Hebu twende, mwanangu. Mawe yako yamegeuka yanatuangalia."

Viboko wale wamo mchoroni. Wamechorwa vizuri kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu nilianza nikiwa na utulivu ambao sikuupata tena.

Yote hayo ni mambo ya kawaida ya kazi. Kilichonipa jina ni kipimo. Mchoraji anayetaka uhalisia hupima hivi: ananyoosha mkono wenye penseli, anafumba jicho moja, anateremsha kidole gumba juu ya penseli mpaka kilingane na kitu anachokitazama, kisha anailaza penseli aone urefu ule unaingia mara ngapi katika upana wa mahali. Shule zote za sanaa zinafundisha hivyo. Hakuna hata moja inayomwonya mwanafunzi asifanye hivyo akiwa ameelekea shamba la mtu wakati wa mavuno.

Nilipima mvumo. Nikapima umbali wa mvumo hadi kibanda cha kulindia mpunga. Nikaandika tarakimu pembeni. Nilipogeuka, kwenye tuta kulikuwa na watoto, nyuma ya watoto mama wawili, nyuma ya mama wawili mwanamume amesimamisha baiskeli bila kuishuka. Hakuna aliyesema kitu. Kila kijiji kina Bwana Shamba, Bwana Mifugo na Bwana Afya. Kufikia jioni ile nami nilikuwa Bwana Mipaka.

Inabidi kuwatetea. Katika bonde hili kila mwaka maji hupanda, hufunika majaruba, hubeba vigingi, hulaza tope jipya juu ya alama za mwaka jana. Yakishuka, kila mmoja anarudi shambani akiwa na kumbukumbu yake, na kumbukumbu za watu wawili wanaopakana hazijawahi kulingana. Ongeza hapo mipaka ya pori la akiba na mipango ya matumizi bora ya ardhi. Watu hawa wameona timu kadhaa zikija na vyombo vya miguu mitatu, na kila timu ikiondoka kuna anayehesabu upya ekari zake. Mtu akija na bomba, ubao, kiti, akafumba jicho moja na kuandika tarakimu, angekuwa nani mwingine? Wachumba hawaji hivyo.

Wa kwanza kuja ni mama mmoja wa makamo, na sahani ya wali na perege wa kukaanga iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kula kwanza."

Nilikula. Wali ule sitausahau. Nilipomaliza akaketi, akanyoosha kidole. "Ule mvumo, baba, ndio mpaka wangu na jirani. Tangu enzi za marehemu. Upande huu wote mimi, upande ule yeye. Nimekuja tu usije ukapotoshwa."

Nikamweleza kwamba mimi si mtu wa ardhi, nachora picha ya kutundikwa hospitali ya meno. Aliitikia kwa adabu, kama mtu anavyomwitikia ofisa aliyekatazwa kutoa siri. Kesho yake kijiji kilijua kwamba inakuja kujengwa hospitali ya meno, na kwamba inajengwa pale kwenye mvumo. Jirani yake akaja na jogoo.

Jogoo nilimkataa, kwa sababu sikuwa na pa kumweka. Alivyoona nimemkataa, akaamini nimeshakula cha mwenzake, na hapo hakukosea.

Kisha akaja kijana wa ng'ombe. Mifugo yake ilikuwa imeingia kwenye nyasi mbichi upande wa mbali, mahali ambapo, kwa mujibu wa vigingi, hapatakiwi ng'ombe. Mimi nilikuwa nimefurahi kuwapata, kwa sababu ng'ombe kwa mbali humpa mtazamaji kipimo cha ukubwa wa mahali.

"Kaka," akasema, "wale ng'ombe usiwaweke."

"Kwa nini?"

"Hawapo."

"Mbona nawaona."

"Wewe ona. Karatasi isione."

Hajatoweka vizuri, mwenye shamba la jirani akatokea kutoka upande wa pili akitaka ng'ombe wale wale wachorwe wote, kwa ukubwa wao, na ikiwezekana na alama zao za masikioni. Sijawahi kusoma kitabu chochote cha sanaa kilicholieleza tatizo la uhalisia kwa ufupi kuliko watu hawa wawili. Mwishowe nikawachora mbali kabisa, vidoa ambavyo mwenye ng'ombe anaweza kuapa ni vichuguu na mwenye mpunga anaweza kuapa ni ng'ombe. Wote wawili walikuja kuangalia, wote wakaondoka wamenikubali. Ningejua jinsi fomula hiyo itakavyotumika baadaye ningeitoza ada.

Wakati huohuo uvumi wa pili ulikuwa unateremka kutoka mlimani. Viganja vyangu, kwa kusugua vivuli, vilikuwa vimekuwa vyeusi vyenye kung'aa, ule mng'ao wa kinywe usiotoka kwa sabuni ya mche wala kwa mchanga. Mtu mmoja aliyetoka Mahenge kuuza ndizi alinishika mkono kunisalimu, akaugeuza, akautazama, akauachia. "Huyu anatoka kwenye madini," akawaambia. Basi upande wa mto nikawa mpima mashamba, upande wa mlima nikawa mtafuta madini, na mtu aliyesema ukweli, yaani mimi, hakupata hata mfuasi mmoja.

Mtendaji wa kijiji alinipelekea ujumbe kwa bodaboda. Ofisini alinipokea vizuri, akanipa kiti, akaniomba barua ya utambulisho. Sikuwa nayo, kwa kuwa aliyenituma alikuwa shemeji, na shemeji hutuma kwa mdomo. Akasema hakuna tatizo, ila jambo lolote linalohusu ardhi ya kijiji lazima lipitie ofisini. Nikamwambia hili linahusu meno. Akasema na meno pia. Akauchukua mchoro, akautandaza mezani, akaufurahia kwa kweli: akatafuta nyumba yake, akaikosa kwa kuwa ilikuwa nyuma yangu, akanisamehe. Kisha akafungua droo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, na kabla sijainua mkono akaubamiza angani, katikati ya mawingu mawili ambayo yalikuwa yamenichukua asubuhi nzima. IMEPOKELEWA. Wino wa zambarau.

Ndiyo rangi pekee iliyomo katika kazi ile. Kila aliyeingia ofisini alisema sasa imependeza.

Mchoro ukafunguliwa jalada, jalada likawekwa kabatini. Shemeji alikuja kupata nakala niliyoichora baadaye nyumbani, mezani, nikitazama picha za simu. Anasema inatuliza wagonjwa. Mimi naona imetulia kupita kiasi: viboko wanaonekana hawana haraka na mtu, na hewa haina moshi wala kambale. Lakini anadai ni halisi zaidi, maana haina muhuri.

Sasa lazima nieleze habari ya mvumo.

Mvumo ule ulikuwa umesimama katikati kabisa ya mandhari. Mti mrefu ukikaa katikati ya karatasi unaigawa picha mapande mawili, jicho linafika pale na kukwama. Kwa hiyo niliusogeza kushoto. Si mbali: upana wa kidole kimoja. Sioni ubaya wowote na sitauona. Wachoraji wa mandhari wamekuwa wakisogeza miti tangu mandhari zianze kuchorwa, na miti haijawahi kulalamika. Ila upana wa kidole kwenye karatasi yangu, kwa hesabu aliyoipiga karani wa kijiji kwa rula ya plastiki, ulikuwa sawa na robo tatu ya ekari ardhini.

Hayo yaligundulika kwenye kikao cha usuluhishi kati ya yule mama wa perege na yule jirani wa jogoo. Kikao kilifanyika barazani mwa ofisi, na mchoro uliegemezwa kwenye kiti cha plastiki ili wazee wote wauone. Paka wawili wa ofisi nao walikuja kukaa mbele yake, kwa sababu ya harufu, na karani alikuwa na kazi ya kuwafukuza kila walipoanza kulamba Udzungwa. Jirani akasimama, akasema kwa sauti ya ushindi kwamba hata mtaalamu ameona: mvumo uko kushoto, kwa hiyo shamba lake ni pana kuliko mama anavyodai. Mama akasema mvumo uko pale pale ulipo, mtu atoke nje aangalie. Jirani akasema mvumo wa nje haujapigwa muhuri.

Wazee wakanigeukia. Nikasimama kutetea taaluma. Niliwasimulia habari ya Mrusi mmoja, Fyodor Vasilyev, aliyechora "Konde Lililolowa" mwaka 1872, picha inayohesabiwa miongoni mwa mandhari halisi kabisa za nchi ile, yenye nyasi zilizoloa na dimbwi na wingu la mvua linalopita, na ambayo hadi leo ipo katika jumba la Tretyakov mjini Moscow. Nikawaambia kwamba alipoichora hakuwa hata karibu na konde lile. Alikuwa Yalta, kando ya bahari, anaugua kifua kikuu. Aliichora kwa kumbukumbu na kwa michoro yake ya zamani, na akafariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 23. Kwa hiyo, nikamalizia, uhalisia ni jambo pana.

Kukawa na kimya cha heshima kwa ajili ya marehemu.

"Pole yake," akasema mzee aliyekuwa akiongoza kikao. "Na huyo Mrusi, alikuwa na kesi ya shamba?"

"Hapana, mzee."

"Basi."

Mwenyeji wangu mvuvi, ambaye nilitegemea aniokoe, alisimama akasema kwamba yeye kama shahidi aliniona kwa macho yake nikichora mawe mahali pasipo na mawe, na nikiacha maji bila kuyachora kabisa. Akakaa.

Wazee walijitenga kando kidogo wakanong'ona. Uamuzi wao ulikuwa wa busara kuliko nilivyostahili: kwa kuwa mvumo wa ardhini hausogezeki, usogezwe wa karatasini. Nirudishe mti mahali pake, mbele ya mashahidi. Nikatoa ufutio, nikaanza kufuta. Lakini karatasi iliyopitia moshi wa kambale haifutiki kama karatasi nyingine, na ile 4B niliyoitumia kwenye shina ilikuwa imeshazama. Nilifuta, nikapuliza, nikafuta tena, mpaka pakabaki mvumo hafifu, wa ukungu, lakini ukiuangalia unaona wazi kwamba ni mvumo. Kisha katikati nikachora mwingine, mweusi, uliosimama barabara.

Sasa mchoro ulikuwa na mivumo miwili. Jirani akausogelea, akasema wa kwake ni ule wa zamani, na katika mambo ya ardhi cha zamani ndicho chenye nguvu. Mama akasema wa kwake ni ule unaoonekana. Wazee wakatazamana. Karani akaandika kwamba pande zote mbili zimeonyeshwa mti wao na hazina pingamizi kwa sasa, na kwamba kikao kinaahirishwa mpaka maji yakauke. Niliona nyuso zimelegea, watu wanapeana mikono, mtu amekwenda kuleta chai. Kijana wa ng'ombe, aliyekuwa amekaa pembeni muda wote, alininyooshea kidole gumba kutoka mlangoni.

Karani akasema marekebisho yoyote kwenye nyaraka lazima yasainiwe na aliyeyafanya, akanipa kalamu ya wino. Hilo angalau nalijua. Nikaupakata ubao, nikatafuta kona ya chini kulia, mahali ambapo kila mchoraji huweka jina lake, penye nafasi nzuri nyeupe chini ya matete, nikainama kuandika.

Akanidaka mkono.

"Hapo hapana, Bwana Mipaka," akasema. "Hapo ni shamba la mtu."